Chumvi Iliyo Chini ya Moab: Yafaa Kujua Kabla ya Kwenda Kuyaona Matao

Moab ni mji mdogo wa jangwani mashariki mwa jimbo la Utah, Marekani. Umekaa ndani ya bonde lenye kuta nyekundu, na Mto Colorado unapita pembeni yake. Hifadhi mbili za taifa, Arches na Canyonlands, ziko jirani kiasi kwamba mgeni anaweza kulala mjini na kuzitembelea zote mbili. Wanaojiandaa kwenda huko hutuuliza sisi wanajiolojia tuwaelekeze pa kuona. Mimi huanza na jambo wasiloliuliza, yaani kwa nini mahali pale pako vile. Ukishaelewa mwamba ulivyotokea, utajua mwenyewe ukanyage wapi, uanze safari saa ngapi na ubebe nini.

Habari yote inaanzia kwenye chumvi. Karibu miaka milioni 300 iliyopita, bahari ya kina kifupi iliingia eneo hili ikakauka, ikaingia tena ikakauka tena, mara nyingi. Kila ilipokauka iliacha tabaka la chumvi, hadi chumvi hiyo ikafikia unene wa mamia ya mita, na mahali pengine zaidi ya elfu moja. Baadaye mchanga na tope vilirundikana juu yake, vikashikana vikawa mwamba. Sasa, chumvi ikielemewa na mzigo mkubwa haikai tuli kama jiwe. Hujongea polepole, kama donge la unga linavyotokeza pembeni ukilibana kwa kiganja, na hukimbilia pale penye mzigo mwepesi. Huko ilikokimbilia ilivimba, ikainua miamba iliyokuwa juu yake hadi ikapinda na kupasuka. Maji yalipoifikia, yakaiyeyusha, na ardhi ikadidimia. Bonde lenyewe lenye mji wa Moab ni paa la uvimbe wa chumvi lililobomoka. Hata milima iliyo kusini-mashariki mwa mji, ambayo kilele chake kirefu kuliko vyote, Mount Peale, kina mita 3,877, inaitwa La Sal, maana yake kwa Kihispania ni "chumvi".

Nyufa zile ndizo zilizozaa matao. Katika Arches, mwamba wa mchanga ulipasuka kwa mistari inayokwenda sambamba. Maji yakatanua nyufa, zikabaki kuta nyembamba zilizosimama bega kwa bega. Maji ya mvua yana asidi kidogo, nayo huyeyusha ile gundi ya chokaa inayoshikanisha punje za mchanga. Wakati wa baridi maji yaliyo ndani ya ufa huganda, yakatanuka na kubandua vipande. Pale ukuta unapokuwa dhaifu chini na imara juu, tundu hutokea, na tundu likikua tunaliita tao. Hifadhi ina matao zaidi ya 2,000, na tundu lisilofika sentimita 90 hivi halihesabiwi.

Kazi hiyo haijakoma. Landscape Arch lina upana wa karibu mita 88 kutoka mguu hadi mguu, na katikati ni jembamba hadi unajiuliza linajishikilia vipi. Mwaka 1991 bamba la mwamba lenye urefu wa mita 18 hivi lilianguka kutoka upande wa chini wa tao hilo, wageni waliokuwa hapo wakakimbia. Njia iliyopita chini yake ilikuja kufungwa. Agosti 2008, usiku, Wall Arch, tao lililokuwa kando ya njia maarufu ya Devils Garden, liliporomoka lote. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Utah hupima mitetemo ya matao kwa vyombo vile vile vinavyopima matetemeko ya ardhi, na wamekuta kuwa kila tao lina mtetemo wake, unaobadilika kadiri hali ya hewa inavyobadilika. Kwa hiyo ukikuta kamba au kibao cha kukuzuia, tii. Kupanda juu ya matao yenye majina ni marufuku, na naona marufuku hiyo ni ya haki kabisa.

Lakini kitu ninachokihurumia zaidi huko ni udongo. Pembeni ya njia utaona ardhi nyeusi yenye vijinundu, kama kitu kilichoungua. Hiyo ni hai. Ni gamba lililojengwa na sayanobakteria (bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea), kuvu, kuvumwani na mimea ya jamii ya kigoga. Nyuzi za vijidudu hivyo hushikanisha mchanga usipeperushwe na upepo, huhifadhi unyevu, na baadhi yake huchukua naitrojeni kutoka hewani na kuilisha ardhi isiyo na rutuba. Hatua moja ya kiatu huvunja yote hayo, na gamba huhitaji miaka mingi, mara nyingi miongo, kurudi lilivyokuwa. Tairi la gari ni baya zaidi, maana mfereji wake hugeuka njia ya maji. Ukitaka kupiga picha, simama juu ya mwamba mtupu au kwenye mchanga wa korongo kavu, ambako maji hupita na kufuta nyayo.

Jambo hilo hilo lahusu madimbwi. Mvua ikinyesha, vishimo juu ya mwamba hujaa maji, na katika siku chache kamba wadogo mno huanza kuogelea humo. Mayai yao yalikuwa pale pale kwenye vumbi, makavu, yakisubiri. Usitie mguu, usinawe. Mafuta ya kujikinga na jua yaliyo mikononi mwako yanatosha kuwadhuru viumbe wa dimbwi zima.

Eneo la Arches hupata mvua ya milimita 200 hadi 250 tu kwa mwaka, na siku nyingi za kiangazi joto hupita nyuzi 38 za Selsiasi. Njia ya kwenda Delicate Arch, tao ambalo kila mtu anataka kulipiga picha, ni kilomita 4.8 kwenda na kurudi. Ukiisikia unaiona fupi. Sehemu kubwa yake ni mwamba mtupu unaopanda, bila kivuli, na jua hukupiga kutoka juu huku mwamba ukikurudishia joto kutoka chini. Anza alfajiri au jioni. Beba maji kutoka mjini au ujaze kwenye kituo cha wageni, kwa sababu njiani hakuna. Ushauri wa kawaida ni karibu lita nne kwa kila mtu kwa siku. Tena ule kitu chenye chumvi, kwa kuwa mtu anayetoka jasho jingi akanywa maji matupu peke yake huweza kupungukiwa na chumvi mwilini, naye huanza kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka na ngozi yake ni ya moto, hiyo ni dharura: mtoe juani, mmwagie maji, mpepee, ita msaada. Usingoje kuona kama atapata nafuu.

Ajabu ya jangwa ni kwamba maji nayo huua. Mwamba haunywi mvua. Kati ya Julai na Septemba, dhoruba inayonyesha mbali, mahali usipopaona, inaweza kuleta mafuriko ndani ya korongo ulilosimama huku juu yako mbingu ni ya buluu. Agosti 2022 mafuriko ya ghafla yaliingia hadi katikati ya mji wa Moab. Kwa hiyo usipige hema kwenye korongo kavu, na asubuhi kabla ya kuingia kwenye makorongo membamba, waulize askari wa hifadhi kuhusu utabiri wa siku hiyo.

Mengine nitayataja kwa kifupi. Wapenda baiskeli huenda Slickrock, njia iliyofunguliwa mwaka 1969 kwa ajili ya pikipiki. Wanapoendesha wako juu ya matuta ya mchanga wa kale yaliyogeuka mwamba, na mtu asiye na uzoefu asianzie hapo. Barabara nyingi za vumbi wanazopita wenye magari ya nguvu zilichongwa na watafuta urani katika miaka ya 1950. Mtoni kuna maboti ya mpira, kuanzia safari tulivu za nusu siku hadi maji makali ya Cataract Canyon, ambayo si ya kujaribu bila kiongozi. Dead Horse Point ni kwa asiyeweza kutembea mbali: unashuka garini, na Mto Colorado unaonekana ukijipinda mita 600 chini yako. Canyonlands imegawanywa na mito katika sehemu zisizounganishwa na daraja, kwa hiyo chagua sehemu moja kwa siku. Kuanzia 2022 Arches iliwahi kuwataka wageni wa misimu yenye watu wengi kuweka nafasi ya saa ya kuingia. Utaratibu huo umekuwa ukibadilika, basi soma tangazo la hifadhi kabla hujafunga safari.

Na ubaki mpaka usiku, japo mara moja. Canyonlands ilitambuliwa kimataifa kuwa hifadhi ya anga lenye giza mwaka 2015, Arches mwaka 2019. Tafuta mwamba ulio karibu na gari, kaa chini, zima simu na tochi. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza. Mwanzoni utaona nyota chache tu. Kisha Njia Nyeupe, ule ukanda mweupe wa nyota angani, itatokea, na kuta za mwamba utazitambua kwa pale nyota zinapokatika.