Usiuze yai la kukaanga

Kazi yangu ya mchana ni kuhesabu sahani. Nipo jikoni kwenye hoteli moja hapa Dar, ila mwiko siushiki sana siku hizi, nashika kalamu na kikokotoo: kamba walioletwa alfajiri kutoka Feri wameingia kwa bei gani, kilo imetoa sahani ngapi, mafuta ya jana yameishia wapi. Kanuni niliyolelewa nayo ni moja tu. Vilivyomo ndani ya sahani visizidi theluthi ya bei yake. Ukipita hapo unawapikia wageni sadaka.

Basi mtoto wa kaka yangu aliponiwekea Stardew Valley kwenye simu, akaniambia ni gemu la kulima, kuvua na kupika, nikajua nimefika kwangu. Nililima wiki kadhaa nikiwa kwenye mwendokasi kati ya Kimara na Posta, nikabana matumizi, nikamlipa Robin fundi seremala dhahabu 10,000 na mbao 450 anipanulie nyumba, maana jiko halipo mpaka upanue. Akajenga siku tatu. Asubuhi ya kwanza nikafungua jiko. Pishi ninalolijua ni moja, yai la kukaanga. Nikakaanga, nikatia kwenye sanduku la mauzo.

Likalipa dhahabu 35. Yai lile lile likiwa bichi linalipa 50.

Nilidhani simu imekosea. Nikamuuliza kijana, akacheka mpaka akakaa chini: "Shangazi, nani alikwambia uuze?"

Sasa mtu yeyote aliyesimama mbele ya banda la chipsi usiku anajua yai likishapigwa kwenye zege halirudi kwenye bei ya trei. Moto unaongeza thamani, ndiyo maana mama ntilie anaamka saa 10 alfajiri. Gemu hili limegeuza jambo hilo, na lilinichukua muda kukubali kwamba limegeuzwa kwa makusudi. Aliyelitengeneza, Eric Barone wa Marekani, alifanya kila kitu peke yake, kuanzia michoro hadi muziki, akalitoa Februari 2016, na kwenye simu za Android likafika 2019. Mtu aliyekaa na kazi yake miaka yote hiyo hakosei bei ya yai.

(Kabla sijaendelea: gemu lina lugha 12 na Kiswahili hakimo. Majina ya vyakula humu ni ya kwangu ya jikoni, usiyatafute kwenye skrini.)

Angalia boga. Linakaa shambani siku 13, ukiliuza lilivyo unapata 320. Ukilitia kwenye pipa la kusindika unapata juisi ya 720. Ukilipika supu, tena na maziwa juu yake, supu inauzwa 300. Umeongeza kitu ukapunguza bei! Ningemletea meneja wangu karatasi yenye hesabu hiyo ningeambiwa nikapumzike. Wali wa embe na nazi, ambao kwa jina ungedhani umepikwa Tanga, hivyo hivyo: embe 130, nazi 100, mchele 100, sahani 250. Na ukitumia boga lenye nyota ya dhahabu, alama ya ubora, ambalo peke yake lingekupa 480, nyota inayeyuka ndani ya sufuria. Supu ya boga bora na supu ya boga la hivi hivi ni supu moja.

Kwa hiyo biashara ya gemu hili imewekwa kwenye pipa, kwenye mashine ya jibini, kwenye mtungi wa achari. Jiko limewekwa kwa kazi nyingine.

Lipo pishi moja linalokwenda kinyume, nalo nalipenda. Linus, yule mzee anayeishi kwenye hema juu kidogo ya kijiji, ukifikisha naye mioyo mitatu, ndicho kipimo cha urafiki humu, anakutumia barua yenye pishi la sashimi, yaani samaki mbichi. Inataka samaki mmoja, yeyote, na kila sahani inauzwa 75. Sasa chukua wale samaki wa jamii ya dagaa, ambao wanalipa 30 au 40. Pita nao jikoni, umezidisha bei karibu mara mbili bila kuwasha moto. Ukivua samaki wa 100 kwenda juu, muuze alivyo. Linus mwenyewe ni rahisi kumpata, anapenda nazi na viazi vikuu. Mtu wa pwani kabisa, ila hajui.

Tuje kwenye kazi yenyewe ya jiko. Unaanza gemu ukiwa na nguvu 270. Kila ukimwaga maji kwa ndoo ya kwanza unatoa 2, kila ukipiga jembe 2, shoka 2, sururu 2. Kinadharia una mapigo 135 kwa siku, halafu umekwisha, na wiki ya kwanza utakwisha saa 5 asubuhi huku jua lote liko juu. Hapo ndipo chakula kinapoanza kuwa na maana. Yai lile la kukaanga nililolitupa kwa 35 linarudisha nguvu 50, yaani mapigo 25 ya jembe. Saladi inarudisha 113. Pishi lake unalipata kwa Emily ukifikisha mioyo mitatu, ni liki, dandelioni na siki, lakini kabla ya hapo Gus anaiuza baani kwake kwa 220. Kwa mkulima mchanga 220 ni pesa. Hata hivyo nikipiga hesabu ya mawe ninayovunja mgodini kwa nguvu 113, nalipa.

Ushauri wangu kwa anayeanza, na hapa wachezaji wengi tutagombana: usikimbilie jiko. Zile 10,000 jenga kwanza banda la kuku, ambalo ni 4,000, mbao 300 na mawe 100, halafu ule saladi ya Gus. Jiko bila mayai, bila maziwa na bila mapishi ni ukuta wenye kabati. Na tangu toleo la 1.6, lililofika kwenye simu Novemba 2024, unaweza kutengeneza jiko la kambini mapema kabisa ukiwa na mbao 15, nyuzi 10 na makaa 3. Unaliweka chini popote, unapika, siku ikiisha nalo limekwisha.

Lakini nguvu ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni zile faida za muda, kasi, bahati, ulinzi, ambazo vijana wanaziita "bafu", na mimi mtu wa jikoni nilichelewa sana kulizoea neno hilo karibu na chakula. Ukiona sahani imeandikwa dakika 7, hizo ni dakika za saa yako ya ukutani. Za gemu ni nyingi zaidi. Dakika 10 za kule zinapita kwa sekunde 7 hivi za huku. Siku inaanza saa 12 asubuhi, na ikifika saa 8 usiku hujalala, unaanguka ulipo na pesa inapungua mfukoni. Hizo ni saa 20 za gemu, sawa na dakika 14 zetu. Basi sahani ya dakika 7 inakushika saa 10 za gemu, nusu ya siku nzima. Nilipoandika hesabu hii nyuma ya karatasi ya oda ndipo jiko liliponifungukia. Sahani za humu hazipimwi kwa theluthi ya bei. Zinapimwa kwa saa.

Ukizipima hivyo, menyu yote inajipanga upya. Mkunga wa pilipili, ambaye ni samaki mkunga mmoja na pilipili kali moja, anakupa kasi na bahati kwa dakika zile 7, nusu siku. Ni wa kuanzia asubuhi ukienda kwenye mapango ya jangwani, ambako adui wakubwa ni saa na ngazi zisizoonekana. Chakula cha bahati kinakaa dakika 11 na sekunde 11, karibu saa 16 kati ya zile 20, na kinapandisha bahati kwa 3. Ndani yake kuna jongoo bahari, chapati ya mahindi na ua la buluu. Hapo nilicheka peke yangu. Jongoo bahari pwani yetu anavuliwa na kupelekwa Asia, sijawahi kumwona kwenye sahani ya mtu Kigamboni, na sasa mimi ndiye ninamfungia chakula cha mchana.

Katlesi za kaa ndizo bingwa wangu. Kaa, unga wa ngano, yai, mafuta: kasi moja na ulinzi mmoja kwa dakika 16 na sekunde 47. Siku yenyewe ni dakika 14. Maana yake ukila asubuhi unapokanyaga nje, unalala bado una kasi. Ukiziuza, 275, na viungo vyake bichi ungeviuza kwa 300. Karatasi ya hotelini ingesema hasara ya 25. Mimi nasema nimenunua siku nzima ya kutembea haraka kwa 25, na hapa mjini wanaokaa foleni ya Mbagala wangelipa zaidi ya hapo.

Kuna sheria moja inayowaponza wengi. Tumbo la mchezaji lina nafasi mbili, moja ya chakula na moja ya kinywaji. Ukila sahani ya pili yenye faida yake, ya kwanza inafutika hata kama ilibaki nusu. Kahawa iko upande wa vinywaji, kwa hiyo haigombani na mkunga. Buni 5 kwenye pipa zinatoa kikombe kimoja, na kikombe kinakimbiza kwa dakika 1 na sekunde 23 tu, kama kile cha muuza kahawa wa Kariakoo: kidogo, chungu, kimekwisha kabla hujamaliza kashata. Vikombe vitatu ukivipika pamoja unapata espreso ya dakika 4 na sekunde 12. Pishi lake Gus analiuza 5,000, jambo lililoniuma, lakini kasi ya mkunga na kasi ya espreso zinajumlishwa, na nikiwa na zote mbili sijui hata farasi wa nini.

Mapishi yenyewe hayanunuliwi yote. Ukitaka yote 81 itabidi uwe mtu wa watu. Mengine yanakuja kwa barua kutoka kwa majirani, kwa mioyo mitatu au saba, na unawapa zawadi mara mbili kwa wiki, si zaidi. Mengine yako kwenye televisheni, kipindi cha Malkia wa Mchuzi, kila Jumapili pishi jipya, Jumatano marudio. Kipindi kinazunguka miaka miwili ya gemu kabla ya kuanza upya, na sahani zinazonilisha mimi, chakula cha bahati na katlesi, zote ni za mwaka wa pili. Kwa hiyo washa televisheni Jumapili hata kama umechelewa shambani. Kutazama hakukutoi nguvu, na ukicheza peke yako saa inasimama wakati yule mama anaongea.

Friji nayo ina utaratibu, na hapa kidogo nidhamu ya hotelini inasaidia. Jiko linachukua viungo kwenye begi lako na kwenye friji, hivyo usibebe unga kila mahali kama unakwenda safari. Kwenye friji weka vya kawaida peke yake. Vyenye nyota viende sokoni, au viende kuwa zawadi. Ukichanganya, ipo siku utamwaga boga la 480 kwenye supu.

Yai? Siku hizi nakaanga mengi kuliko zamani na siuzi hata moja. Mwaka wa pili, Malkia wa Mchuzi anafundisha kifungua kinywa kamili: yai la kukaanga, maziwa, viazi vya kukaanga na zile ambazo mimi naziita chapati za maji. Kinakuongezea uwezo wa nguvu kwa 50 na kilimo kwa 2, nusu siku, na ndicho ninachokula asubuhi za kuvuna. Mayai madogo ndiyo yanayokwenda kwenye friji kwa kazi hiyo. Makubwa yapeleke kwenye mashine ya mayonezi, kwa sababu yai kubwa moja linatoa mayonezi yenye nyota ya dhahabu.