Makadirio ya nondo kwenye msingi, mkanda na ukuta wa tofali

“Nyumba ya vyumba vitatu inakula nondo ngapi?” Swali hili huulizwa kila siku kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na halikosi wa kulijibu. Mmoja atasema tani moja, mwingine nondo themanini za milimita 12, mwingine atakwambia chukua kwanza zile ulizo na hela yake, zikipungua utarudi. Lakini idadi ya vyumba haisemi lolote kuhusu nondo. Nyumba mbili za ramani ileile, moja imekaa kwenye kichanga kilichoshikana na nyingine kwenye udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi, zinaweza kupishana sana kwa chuma kilicholala chini ya ardhi, na mpita njia akaziona sawa kabisa.

Makadirio ya nondo ni kuhesabu kila kipande cha chuma kitakachofungwa ndani ya zege: kipenyo chake, urefu wake wa kukata, umbo lake na idadi yake. Vipande hivyo hugeuzwa kuwa nondo nzima za kununua, na nondo nzima hugeuzwa kuwa kilo. Utaratibu huo usigeuzwe. Anayeanzia kwenye tani na kurudi nyuma hajakadiria, amekisia.

Kuna kazi mbili hapa ambazo watu huzichanganya, na kuzichanganya ni hatari. Kuamua kwamba msingi huu unahitaji nondo tatu za milimita 12 ni kazi ya mhandisi, anayejua udongo una nguvu gani na ukuta una uzito gani. Kuhesabu nondo hizo ni ngapi kwa jengo zima ni kazi ya mkadiriaji majenzi, au ya fundi mwenye kalamu na subira. Makadirio husoma mchoro, hayaubuni. Kwa hiyo vipimo nitakavyotumia hapa chini ni vya kuonyesha hesabu inavyokwenda, si agizo la kujengea nyumba yako.

Tuanze na mambo machache ambayo hesabu yote hukalia. Nondo nzima ina urefu wa mita 12. Uzito wake hupatikana kwa kanuni moja rahisi: kipenyo kwa milimita kizidishe chenyewe, kisha gawa kwa 162, utapata kilo kwa kila mita. Hiyo 162 inatokana na uzito wa chuma, ambao ni kilo 7,850 kwa mita moja ya ujazo. Nondo ya milimita 12 kwa hiyo ni 144 gawa kwa 162, yaani kama kilo 0.89 kwa mita, na nzima ni kilo 10.7 hivi. Ya milimita 8 nzima ni kilo 4.7, ya milimita 10 ni kilo 7.4, ya milimita 16 ni kilo 19. Tani moja ya milimita 12 ina nondo 94 hivi. Tani moja ya milimita 16 ina 53 tu.

Jambo la pili ni maungio. Msingi wa mita 38 hauna nondo ya mita 38, kwa hiyo nondo hupandana. Mpandano hupimwa kwa kipenyo, mara nyingi kati ya mara 40 na 50, na kwa milimita 12 tukichukua 50 ni milimita 600. Maana yake kila nondo ya mita 12 inakufanyia kazi ya mita 11.4. Mpandano mfupi ni kosa baya kuliko nondo pungufu, kwa sababu chuma kimo ndani lakini hakivutani na mwenzake, na zege likishamwagwa hakuna atakayejua mpaka nyufa zitoke.

La tatu ni gamba la zege, yaani unene wa zege unaoikinga nondo isipate kutu. Chini ya msingi, palipotandazwa zege jepesi la usafi, milimita 50 ni kipimo cha kawaida. Zege likimwagwa moja kwa moja kwenye udongo ni milimita 75. Gamba hupunguza urefu wa kila kipande cha kukatiza, yaani kinacholala kwa upana wa msingi, ndiyo maana linaingia kwenye hesabu.

Sasa tuchukue nyumba ya mita 10 kwa 9. Ndani ina ukuta mmoja wa mita 10 unaoigawa, na kuta mbili za mita 6 zinazotoka kwenye huo hadi ukuta wa nje. Kuta za nje ni mita 38, za ndani mita 22, jumla mita 60. Msingi una upana wa milimita 600 na kina cha milimita 200. Mchoro unasema nondo tatu za milimita 12 kwa urefu, na za milimita 10 zikikatiza kila milimita 200.

Za urefu: mita 60 mara tatu ni mita 180. Ukigawa kwa 11.4 unapata 15.8, basi nondo 16. Wengi huishia hapo na kusahau kona. Kwenye kona nondo za upande mmoja lazima zishikane na za upande wa pili kwa vipande vya umbo la L, kila mguu milimita 600, yaani mita 1.2 kwa kipande. Kona nne za nje zinahitaji vipande 12. Kuta za ndani zina ncha sita zinazogota kwenye kuta nyingine, kila ncha vipande vitatu, jumla 18. Vipande 30 vya mita 1.2 ni nondo tatu kamili. Jumla ya milimita 12 kwenye msingi ni 19.

Za kukatiza: upana wa milimita 600 ukitoa gamba la 50 kila upande unabaki 500. Mita 60 kwa nafasi ya milimita 200 ni nafasi 300, lakini nafasi si vipande. Kila mstari wa ukuta una kipande kimoja zaidi ya nafasi zake, na hapa kuna mistari saba, minne ya nje na mitatu ya ndani, kwa hiyo vipande 307. Nondo ya mita 12 inatoa vipande 24 vya nusu mita bila kubakiza hata kidogo, basi nondo 13 za milimita 10 zinatosha.

Mahali hesabu inapouma hasa ni kwenye ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyokunjwa kuzunguka nondo ndefu na kuzishika pamoja. Juu ya msingi, chini ya jamvi (zege la sakafu), tuseme kuna mkanda, yaani boriti ya zege inayofuata kuta zote, wa upana wa milimita 230 na kina cha 300, wenye nondo nne za milimita 12 na ringi za milimita 8 kila milimita 200. Gamba likiwa milimita 25, ringi inakuwa 180 kwa 250, mzunguko wake milimita 860. Ongeza ndoano mbili za milimita 80, urefu wa kukata ni mita 1.02. Ringi ni 307, kama vile vipande vya msingi.

Anayehesabu kwa haraka atazidisha 307 kwa 1.02, apate mita 313, agawe kwa 12, anunue nondo 27. Fundi akianza kukata atagundua kuwa mita 12 haitoi ringi 11.76, inatoa 11, na kipande cha milimita 780 kinatupwa pembeni. Ringi 307 zikigawanywa kwa 11 ni nondo 28. Siku ya kumwaga zege imefika, mitambo imekodiwa, na nondo moja haipo. Sasa angalia kinachotokea mhandisi akikubali gamba liwe milimita 30, ambalo kwa kweli linaikinga nondo vizuri zaidi. Ringi inakuwa 170 kwa 240, urefu wa kukata milimita 980, na nondo moja inatoa ringi 12. Sasa nondo 26 zinatosha. Milimita tano za gamba zimeokoa nondo mbili, pamoja na rundo la vipande ambavyo vingeishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba makadirio mazuri hufanywa mapema, wakati mchoro bado unaweza kujadiliwa na mhandisi.

Kabla ya kukata zote 307, kata ringi moja, ikunje, ipime kwa rula. Mashine au meza ya kukunjia ya kila fundi ina mkunjo wake, na kosa la sentimita mbili likirudiwa mara mia tatu ni mita sita za chuma.

Nondo ndefu za mkanda hazina tabu: mita 240 gawa kwa 11.4 ni 21.05, basi nondo 22, na vipande vya L vya kona na ncha ni 40, yaani nondo nne. Jumla 26. Tukikusanya yote, msingi na mkanda vinataka nondo 45 za milimita 12, 13 za milimita 10 na 26 za milimita 8. Uzito wake ni karibu kilo 700. Waya wa kufungia huwa kama kilo 10 kwa kila tani, basi hapa kilo saba hivi.

Vipi ukuta wenyewe? Kuta nyingi za tofali za saruji katika Tanzania na Kenya hazina nondo ya kusimama. Tofali hubeba uzito wa kwenda chini vizuri, lakini hushindwa upesi zinaposukumwa kwa ubavu. Kazi ya kuzifunga kuta zisiachane huachiwa mkanda wa chini na linta, boriti ya zege inayozunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilibomoa na kupasua nyumba nyingi za tofali na matope Bukoba na vijijini. Hapo ndipo thamani ya linta isiyokatika inapoonekana. Linta huhesabiwa kama mkanda, ila upana wake hufuata tofali, na juu ya mlango mpana mhandisi anaweza kuongeza nondo ya chini. Kenya mafundi wengi hulaza pia ukanda mwembamba wa chuma kila baada ya kozi (safu za tofali) mbili. Hesabu yake ni urefu wa ukuta mara idadi ya kozi hizo, ukitoa milango na madirisha na kuongeza mpandano.

Tofali zenye matundu ni habari nyingine, kwa kuwa nondo inaweza kusimamishwa ndani ya tundu na tundu likajazwa zege laini. Hapo nafasi ya nondo hufuata tofali. Tofali ya milimita 450 yenye matundu mawili ina tundu kila milimita 225, kwa hiyo nondo hukaa kila 450, 675 au 900. Mchoro ukisema 800, fundi atakwama. Chukua uzio wa mita 20, kimo mita 2.2, nondo ya milimita 12 kila milimita 900. Nafasi ni 23, nondo za kusimama 24. Kila moja inaanzia kwenye kipande cha L kilichozikwa msingini: mguu wa milimita 300, milimita 150 ndani ya zege, na 600 za mpandano, jumla mita 1.05. Nondo ya juu yake, ukitoa gamba, ni mita 2.15.

Ukihesabu kila aina peke yake, za kusimama zinataka nondo tano na za L zinataka tatu, jumla nane. Lakini nondo ya mita 12 iliyotoa vipande vitano vya 2.15 inabakiza mita 1.25, ambayo ni L moja. Nondo nne zinatoa L nne, na ya tano iliyokatwa vipande vinne tu inatoa L tatu zaidi. Zimebaki L 17, na nondo mbili zinazimaliza. Jumla saba. Usisahau kuongeza nondo kila upande wa geti na kwenye kila kona, hata kama hazianguki kwenye ule mpango wa milimita 900.

Wapo wanaopenda kutumia kilo za chuma kwa mita ya ujazo ya zege. Kwa kukagua hesabu iliyokwisha ni njia nzuri, kwa kuagizia mzigo ni mbaya. Katika nyumba yetu msingi una mita za ujazo 7.2 na chuma kilo 299, yaani kama kilo 42 kwa kila mita ya ujazo. Mkanda una mita za ujazo 4.14 na chuma kilo 400, karibu kilo 97. Jengo ni lilelile na mafundi ni walewale, lakini kiwango cha mmoja ni zaidi ya mara mbili ya mwingine. Ukitumia kimoja kwa vyote utapungukiwa huku au utajaza stoo kule.

Mwisho, makadirio hayaishii kwenye karatasi. Hesabu yetu inadhani kwamba milimita 12 ni milimita 12. Viwango huruhusu tofauti ya asilimia chache tu, ila sokoni zipo nondo nyembamba kuliko jina lake. Kata kipande cha mita moja kamili, kiweke kwenye mizani ndogo. Kikisoma gramu 700 badala ya 890, hiyo ni nondo ya milimita 10.6, na umepoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya chuma ambacho mhandisi alikitegemea. Nondo 45 tulizohesabu zingepaswa kuwa kilo 480; za namna hiyo zingekuwa kilo 378. Ukihesabu kwa idadi lori likifika, zote 45 zipo na hakuna kilichoibiwa. Kwa hiyo oda iandikwe kwa vyote viwili, idadi na kilo, na mizani ije kabla ya mzigo kushushwa.