Bando linaloisha usiku: nani hasa analitumia?

Ujumbe huu umezunguka kwenye magrupu kwa miaka: kampuni za simu hunyonya bando lako ukiwa umelala, kwa hiyo zima simu usiku. Ni kweli bando linaweza kupungua usiku. Ila mara nyingi anayelitumia ni simu yenyewe.

Skrini ikizimika, programu haziachi kazi. Picha zinapandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, programu zinajisasisha, na video za magrupuni zinajipakua kama upakuaji wa moja kwa moja umewashwa. Hizo video ndizo za kuangalia kwanza, maana grupu lililochangamka halina saa ya kulala.

Kuhakikisha si kazi. Kwenye Android, fungua Mipangilio, ingia sehemu ya mtandao, kisha matumizi ya data. Utaona kila programu imekula kiasi gani. Iguse, uone kilichotumika chinichini bila wewe kuifungua. Kwenye iPhone hesabu haijifuti kila mwezi, ifute mwenyewe ndipo uanze kupima.

Wengi huchanganya bando lililotumika na lililokwisha muda. La saa 24 ulilonunua saa 2 usiku hukoma kesho yake saa 2 usiku, hata kama hukuligusa.

Hesabu ya simu na ya kampuni hutofautiana kidogo. Zikipishana sana, piga picha ya skrini ukalalamike, una haki hiyo. Ujumbe wenyewe, tafadhali, usiusambaze tena. Aliyekutumia mwonyeshe pa kuangalia.