Seli yangu ilivyogeuka njano

Juzi nilikuwa Moshi, pale Mbuyuni, fundi mmoja wa sola akaniuliza, aisee dokta, hii bluu ya paneli ni rangi gani mbona haichubuki? Nikacheka maana ndo kazi yangu hiyo. Ile sio rangi bwana, ni utando wa silikoni naitraidi wenye unene wa kama nanomita 75 hivi, na unywele wako mmoja tu unaenda kwenye nanomita 80,000, sasa piga hesabu mwenyewe. Silikoni, ile inayotengeneza paneli yenyewe, ikiwa tupu inarudisha zaidi ya 30% ya mwanga, ukiivalisha huo utando mwanga mwingi unazama ndani, kinachokurudia machoni ni hiyo bluu kidogo. Yaani nano, vitu vidogo vya kupimwa kwa nanomita, iko juu ya paa lako miaka yote na hujui.

Mimi mwenyewe nahangaika na perovskaiti, fuwele nyingine ya kutengenezea seli za sola badala ya silikoni. Unachanganya chumvi za risasi na iodini, unadondoshea kwenye kioo kinachozunguka kwa kasi, unakipasha kama nyuzi 100 na utando unakuwa mweusi tii. Mwaka 2009 kule Japani mwanasayansi Miyasaka na wenzake walipata 3.8%, yaani sehemu ya nishati ya mwanga inayogeuka umeme, leo maabara kubwa zimevuka 26%, na ukiibandika juu ya silikoni zikafanya kazi pamoja wameshapita 34%. Watu wakisikia hizo namba wananipigia simu wanataka kununua. Tulieni kwanza.

Masika iliyopita nilisahau seli mezani bila kuifunika, na Arusha mvua ya Aprili mnaijua, asubuhi nakuta kingo zina unjano, kufika jioni imekuwa njano kama manjano ya pilau. Hiyo njano ni iodaidi ya risasi, maana yake unyevu umeingia ukaivunja perovskaiti na umeme hakuna tena. Nilipoiangalia kwa hadubini nikaona uharibifu umekimbilia kwenye maungio, pale chembe na chembe zinapokutana, ni kama ukuta wa tofali, tofali lenyewe zima ila udongo wa katikati ndo unaliwa na maji.

Kwa hiyo nguvu yangu yote iko kwenye maungio. Kwa chini tulikuwa tunaweka chembe za nano za taitani dioksaidi, ule ule unga mweupe wa kwenye rangi za ukuta, zinabeba elektroni vizuri tu lakini zikipigwa na miale ya urujuanimno zinaanza kuila perovskaiti iliyo jirani, ndo maana wengi tumehamia oksaidi ya bati (bati lenyewe la kweli, maana haya ya kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki). Kwa juu tunaweka tabaka jembamba sana la perovskaiti nyingine yenye molekuli za mkia mrefu, linakataa maji kama ngozi iliyopakwa mafuta ya nazi, na hapo hapo linaziba mashimo yanayonasa elektroni, kwa hiyo umeme unaongezeka na uhai unaongezeka kwa mkupuo mmoja. Mimi hapo ndo naona nano inalipa, kuliko nukta za kwantamu, zile chembe za nano ambazo rangi yake inafuata ukubwa wake, ambazo zilipata Nobel 2023 na kila mwanafunzi anazitaka.

Na bado joto, maana paneli juu ya paa Moshi mchana inafika nyuzi 60, wakati maabara tunapima kwa 25.

Yule fundi wala hakuniuliza asilimia. Aliuliza hiyo yako itakaa masika mangapi, hii ya kwangu nampa mteja karatasi ya dhamana ya miaka 25. Nikamwambia ile ya mezani haikumaliza hata siku mbili. Akaguna, akarudi kukaza nati zake.