Je, wajua kwa nini mafundi wa programu hujaribu nywila mbaya kwa makusudi?

Jumapili ya tarehe 19 Juni 2011, saa saba na dakika 54 mchana kwa saa za California (huku kwetu ilikuwa inakaribia saa sita usiku), Dropbox waliingiza marekebisho mapya kwenye mfumo wao. Wakati huo huduma hiyo ya kuhifadhi mafaili ilikuwa na watumiaji takriban milioni 25. Kuanzia dakika ile, ungeweza kuandika anwani ya barua pepe ya yeyote kati yao, ukabandika nywila yoyote iliyokujia kichwani, na ungeingia. Zilipita karibu saa nne kabla mlango haujafungwa. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye kwamba walioingia kwenye akaunti katika muda huo hawakufika asilimia 1 ya watumiaji.

Saa nne nzima, mbona hakukuwa na kelele? Kwa sababu wenye akaunti zao waliingia kama kawaida. Waliandika nywila sahihi, wakapokelewa, wakaendelea na mambo yao. Hitilafu inayomzuia mwenye mali hupigiwa simu ndani ya dakika tano. Hitilafu inayompokea mgeni haina mlalamikaji, maana mwizi hapigi simu huduma kwa wateja kuuliza mbona mmeniachia wazi.

Ukinunua kufuli la bei poa sokoni, muuzaji anakuonyesha ufunguo unaingia, kufuli linaruka, unalipa. Hakuonyeshi kwamba ufunguo wa kufuli la jirani yake kwenye boksi haulifungui lako. Na waliowahi kununua kufuli za namna hiyo wanajua kwamba mara nyingine ufunguo huo wa jirani unalifungua vizuri tu.

Wanaoandika msimbo (maandishi ya programu) wa kusajili na kuingiza watumiaji wanajikinga na jambo hilo kwa kuandika programu ndogo za kuibana programu kubwa. Tunaziita testi, na zile zinazobana kipande kimoja kimoja peke yake ni testi za yuniti. Moja huwa na mistari miwili mitatu tu. Hizi hapa mbili, kwa lugha ya kuandikia programu iitwayo Python:

def test_nywila_sahihi_inaingiza():
    sajili("asha", "Mchicha#72")
    assert ingia("asha", "Mchicha#72") is True

def test_nywila_mbaya_inakataliwa():
    sajili("asha", "Mchicha#72")
    assert ingia("asha", "Mchicha#73") is False

Neno "assert" hapo ni kama kusema "nishikie hili, lisipokuwa hivyo piga yowe". Kompyuta inaziendesha zote kwa sekunde chache, kisha inaonyesha kijani kwa iliyofaulu na nyekundu kwa iliyofeli. Sasa fikiria msimbo wenye ugonjwa ule wa Dropbox, unaokubali kila nywila. Testi ya kwanza inafaulu bila wasiwasi. Ni ya pili tu inayopiga yowe.

Kwa bahati mbaya ya kwanza ndiyo kila mtu huiandika. Inapendeza, inaonyesha kazi imekamilika, bosi anaona kijani. Ila nywila sahihi ni moja, na zisizo sahihi hazina idadi, kwa hiyo ujuzi wa fundi unaonekana katika kuchagua zipi za kujaribu. Nywila tupu. Nywila sahihi, lakini ya mtu mwingine. Nywila sahihi ya akaunti iliyosimamishwa jana. Mtumiaji wa kawaida anayeomba orodha ambayo ni ya msimamizi tu. Kiungo cha kubadilisha nywila ambacho kimeshatumika mara moja.

Hicho kiungo kina raha yake. Tuseme kanuni ni kwamba kinakufa baada ya saa moja. Fundi hakai kusubiri saa moja akinywa chai. Anaipa programu saa ya bandia, anaisukuma mbele dakika 59 na kudai kiungo kikubaliwe, kisha dakika 61 na kudai kikataliwe. Barua pepe nayo haitumwi kokote. Kuna mtumaji wa bandia anayeipokea na kuiweka mfukoni ili testi iikague. Na dakika ya 60 kamili je? Hapo ndipo watu wawili wa timu moja hugundua kwamba kwa miezi sita walikuwa na majibu tofauti.

Mtindo huu wa kuandika testi ulienea sana baada ya mafundi wa programu Kent Beck na Erich Gamma kuandika JUnit, zana ya testi kwa lugha ya Java. Waliianza mwaka 1997 wakiwa ndani ya ndege kutoka Zürich kwenda Atlanta. Kabla ya hapo Beck alikuwa ameshatengeneza zana kama hiyo kwa lugha ya Smalltalk.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Spotify, huduma ya muziki mtandaoni kutoka Sweden, mwaka 2013, kwa sababu pale hata nywila haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye jina.

Spotify waliruhusu majina ya watumiaji yenye herufi za kila aina. Ili BigBird na bigbird wasiwe watu wawili, kila jina lilipitishwa kwenye fanksheni (kipande cha msimbo chenye kazi moja) ya kulisafisha na kulifanya herufi ndogo. Basi akatokea mtu akajisajili kama ᴮᴵᴳᴮᴵᴿᴰ, kwa zile herufi kubwa zenye umbo dogo, zinazoning'inia juu. Fanksheni ikalisafisha, ikatoa BIGBIRD kwa herufi kubwa. Jina hilo halikuwamo kwenye hifadhidata, kwani lililokuwamo ni bigbird, kwa hiyo akafunguliwa akaunti mpya. Kisha akaomba kubadilisha nywila. Kiungo kikaja kwenye barua pepe yake mwenyewe, kihalali kabisa. Alipokitumia, jina BIGBIRD likapitishwa kwenye fanksheni kwa mara ya pili, na safari hii likatoka bigbird. Nywila iliyobadilika ikawa ya mwenye bigbird. Akaunti imechukuliwa.

Kasoro ni kwamba kusafisha mara moja na kusafisha mara mbili havikutoa jibu moja. Ukichuja chai iliyokwisha chujwa, haitakiwi kubaki jani jipya kwenye chujio. Testi ya kulidai hilo ni mstari mmoja:

assert safisha(safisha(jina)) == safisha(jina)

Kinachouma zaidi ni kwamba fanksheni hiyo ilitoka kwenye maktaba ya msimbo iitwayo Twisted, na ilikuwa salama chini ya Python 2.4, kwa kuwa herufi za ajabu kama zile zilikataliwa papo hapo. Walipohamia Python 2.5, yenye orodha mpya zaidi ya herufi za dunia, zikaanza kupita. Ndiyo sababu testi haziendeshwi mara moja zikasahaulika. Zinaendeshwa kila kitu kinapobadilika, hata kile ambacho hukukiandika wewe.

Usidhani hayo ni ya Ulaya tu. Mtu mmoja wa Dar es Salaam anaweza kuandika namba yake ya simu ikianza na 0, kesho ikianza na 255, keshokutwa na +255 na nafasi katikati. Mfumo usiosafisha vizuri unamhesabu kuwa watu watatu. Naye Ng'ang'a wa Kiambu ana shida ya aina yake. Kompyuta inaandika jina lake kwa kile kialama cha juu (') kilichonyooka, simu inakigeuza kuwa kilichopinda, na kwa mashine hizo ni herufi mbili tofauti. Mifumo mingine humwambia kabisa kwamba jina lake "si sahihi". Kwangu mimi, timu ya Afrika Mashariki isiyo na Ng'ang'a kwenye testi zake bado haijaanza kazi.

Urefu nao ni mtego. Mwezi Oktoba 2024 Okta, kampuni inayouza huduma ya kuingiza watumiaji kwa makampuni mengine, ilitangaza kwamba katika mazingira fulani mtu mwenye jina la herufi 52 au zaidi angeweza kuingizwa bila nywila yake kukaguliwa. Walikuwa wameunganisha namba ya mtumiaji, jina na nywila, kisha wakaupa mfuatano huo bcrypt, kanuni inayosaga maneno ya siri. Bcrypt husoma baiti 72 za mwanzo (herufi ya kawaida ni baiti moja) na kutupa zinazobaki. Jina likishakuwa refu kiasi hicho, nywila inaangukia kwenye sehemu inayotupwa. Hitilafu ilikuwa imekaa tangu mwezi Julai. Kama kawaida yake, haikumzuia mtu yeyote kuingia.

Ukiwa na mradi wako wenye ukurasa wa kuingia, fungua leo fanksheni inayokagua nywila, futa yaliyomo yote, uandike return True peke yake, yaani "jibu daima ni ndiyo". Endesha testi zako. Kisha rudisha msimbo ulivyokuwa. Kama zilibaki kijani zote, kaa uandike ile ya Mchicha#73.