Kumtafutia koko msaidizi si kumtupa

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wengi tumekua tukiamini kwamba koko, yaani babu au bibi, akianza kusahau, huo ni uzee tu, na kumleta mtu wa nje amsaidie nyumbani ni kumtupa. Imani hiyo imetokana na heshima.

Lakini kusahau kuna aina. Koko akisahau alikoweka ufunguo, ni kawaida. Akiushika mkononi asijue ni wa nini, hilo ni jambo lingine. Mara nyingi ni ugonjwa wa ubongo, na Alzheimer ndio unaoongoza. Ila maambukizi au upungufu wa vitamini B12 huweza kuleta hali inayofanana, na hivyo vina tiba. Kwa hiyo daktari kwanza.

Nyumbani chunguzeni wenyewe: kwa wiki 2 andikeni kwenye daftari. “Saa 12 jioni, alitafuta mlango aende kwao.” Jioni huwa nzito kwa wengi. Saa hizo ndizo za msaidizi, na awe yule yule kila siku, ajuaye Mashi, lugha ya Bashi wa huku kwetu, ikiwa koko amerudia lugha ya utotoni (hutokea). Msaidizi akiwepo, binti hupata kupumzika, na binti aliyelala usingizi wa kutosha humwogesha mama yake kwa subira zaidi. Nimeliona hilo Kadutu, hapa hapa Bukavu.