Distribyuta ya gari haifai kwenye boti, hata ikiingia sawasawa

Imani ya miaka mingi inasema kwamba injini ya petroli ya ndani ya boti ni ya gari tu, hivyo distribyuta ya gari, yaani kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi, itatosha. Ni kweli injini nyingi za aina hiyo zilitokana na za magari, na mara nyingi distribyuta hukaa bila shida. Tofauti haionekani kwa nje.

Ndani ya distribyuta cheche huruka wakati wote kutoka kwenye rota (kipande kinachozunguka) hadi vichwa vya kifuniko (ncha zinazopokea umeme). Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Ukivuja hutuama kwenye ngama, chini ya injini. Kwenye gari upepo huuondoa, lakini kwenye boti hubaki humo na cheche inaweza kuuwasha. Distribyuta ya boti ina wavu mwembamba kwenye matundu yake ya hewa ili moto ukiwaka ndani usitoke nje. Stata na altaneta za boti nazo zina kinga dhidi ya cheche, jambo linalosahaulika zaidi.

Injini ikikosa moto, usikimbilie kubadilisha distribyuta nzima. Washa feni ya kutoa hewa dakika 4, nusa ngama, kisha toa waya wa betri. Fungua kifuniko: kausha unyevu, tafuta ufa au mstari mweusi kama wa penseli kati ya vichwa. Huo ni njia ya umeme kuvujia. Kuukwangua hakusaidii, badilisha kifuniko pamoja na rota. Kagua pia kama wavu umeziba au umetoboka.